Takbiri Ilipokuwa ya Wote

Mjomba wangu alikuwa na sauti iliyompatia kazi bandarini. Alisimama chini ya winchi pale gatini Mtwara, akamwongoza mwendeshaji aliye juu: "Shusha! Shusha! Hapohapo!" Watu walisema akipaza sauti gatini, Mikindani wanaacha kula. Uongo mtupu, lakini ulikuwa uongo wa kumpenda, naye aliupokea kwa kicheko. Naitaja sauti hiyo mapema kwa sababu mambo yote ya msikiti wetu pale Likombe, yaliyoanza kwa vigelegele na kuishia kwa kufuli, yalipita kooni mwake.

Lakini kwanza jeneza. Jeneza ninalosema mimi si sanduku la kuzikia. Ni kitanda cha mbao chenye mikono mbele na nyuma, mali ya msikiti. Maiti huwekwa humo, hufunikwa, hubebwa mabegani mpaka makaburini, kisha jeneza hurudi kumngoja mwingine. Kila mtu mtaani kwetu alijua kuwa ipo siku atalala humo. Ndiyo maana nilipokuwa mtoto sikuliogopa. Niliona ni kama kisima au njia, kitu cha wote.

Tatizo ni kwamba lilikaa ndani ya chumba kidogo ubavuni mwa msikiti, na chumba kilikuwa na kufuli, na ufunguo ulikuwa kwa mzee imamu na wenzake wawili waliojiita kamati. Nani aliwachagua? Hakuna aliyekumbuka. Walikuwa wenyewe wa zamani, watoto wa wenyewe wa zamani, na sisi wengine, Wamakonde tulioshuka kutoka shamba, Wamakua waliovuka Ruvuma kukimbia vita, tulikaa safu za nyuma na kupokea tulichopewa.

Miaka ile ya tisini mwanzoni akafa mchoma mkaa mmoja. Mzaliwa wa ng'ambo, alifanya kazi kwanza kwenye mashamba ya chumvi kule mdomoni mwa Ruvuma, kisha akahamia kwetu. Aliswali alipoweza. Msimu wa mabibo ulipofika alikunywa uraka, pombe ya mabibo hayo, na akishakunywa aliimba kwa lugha yake, tena vizuri. Kamati ikatamka kwamba jeneza la msikiti si la walevi. Jamaa zake wakamkunja kwenye mkeka wakambeba hivyohivyo, mchana kweupe, wakapita mbele ya nyumba yetu. Mkeka ulikuwa mfupi. Unyayo wake mmoja ulitokeza, ukawa unachezacheza kwa mwendo wa wabebaji.

Bibi yangu mzaa mama alikuwa amekaa kizingitini akipepeta mchele. Aliuangalia unyayo ule mpaka ukapotea kwenye mikorosho. Akaweka ungo chini.

"Mke mwenzangu," aliniambia, maana ndivyo bibi alivyonitania maisha yangu yote, "sikia neno langu. Mie nikifa, nsinibebe kwenye nkeka. Nataka jeneza la nsikiti. N'meswali humo tangu haujaezekwa."

Nilimwambia hatakufa. Akanionya nisijibu upuuzi nilipopewa wasia. Tangu siku hiyo, katika nyumba yetu, jambo hilo lilijulikana na kila mtu: bibi anataka jeneza. Aliomba mambo mengine pia, ugoro, kanga mpya, nimkune mgongo, lakini hayo yalikuwa maombi. Jeneza lilikuwa wasia.

*

Nyuma ya nyumba yetu palikuwa na chumba cha kupanga, na ndani yake aliishi kijana aliyerudi kutoka chuo cha dini cha mbali. Mama alimlisha, kwa kuwa mama hakuweza kuona mtu mwembamba akapita. Alikula nasi mkekani, akapiga pasi kanzu yake kwa pasi yetu ya mkaa, akanifundisha kusoma herufi za Kiarabu bila kunichapa, jambo ambalo sikulijua kuwa linawezekana. Tulimwita kaka. Nasema wazi nilimpenda, na ninayoyasema baadaye siyasemi kwa kumchukia tangu mwanzo.

Ijumaa iliyofuata mazishi ya mkeka, watu walipokuwa wakivaa viatu uani, kaka alisimama juu ya ngazi ya msikiti. Hakupiga kelele. Aliuliza tu, "Jeneza lile ni la nani?"

Imamu akamtazama kama unavyomtazama mbuzi aliyeingia sebuleni.

"Nauliza tena. Jeneza ni la nani?" Halafu akainua mkono: "Takbir!"

Watu wakajibu, "Allahu Akbar!" Walijibu kwa sababu takbiri hujibiwa. Tulikuwa tunaitoa Idi, arusini, mtu akirudi Hija. Kuitoa mbele ya uso wa imamu, kama swali la pili, hilo hatukuwahi kuliona. Majibu ya kwanza yalikuwa ya woga woga. Ndipo mjomba, aliyekuwa safu ya nyuma na viatu mkononi, akaidaka. "Takbiiir!" Sauti ya gatini. Njiwa wakaruka kwenye mabati. Na safari hii jibu lilitoka kwa Wamakua, kwa Wamakonde, kwa makuli wa bandari, kwa wauza dagaa, likatoka hata upande wa wanawake, nyuma ya ukuta wa makuti tulikokuwa sisi.

Mjomba alitia bega kwenye mlango wa chumba. Mlango ukaachia. Wakalitoa jeneza likiwa limejaa vumbi na utando wa buibui, wakalipitisha mikononi juu ya vichwa, na kufuli wakalitupa chooni, likalia pwaa. Hakuna aliyemgusa imamu. Alichukua mwavuli wake akaenda nyumbani polepole, na wenzake wawili nyuma yake. Bibi akapiga vigelegele mpaka akakohoa.

Nchi nzima wakati huo ilikuwa inasema mageuzi. Vyama vingi, mageuzi. Kijiwe cha kahawa, mageuzi. Mtu akibadilisha kinyozi, mageuzi. Basi na sisi tulikuwa na yetu, na tuliyafanya kwa jina la Mungu, mchana, bila damu. Mama alitembea Likombe kifua mbele kama aliyejenga msikiti kwa mikono yake.

Miezi ile ilikuwa mitamu na sitakubali mtu aniambie vingine. Tulikutana msikitini baada ya alasiri, na bila mtu kuandika popote tukajipatia desturi yetu wenyewe. Mtu akiwa na neno, anatoa takbiri. Wote wanajibu. Wakishajibu, wananyamaza, na aliyetoa takbiri ndiye mwenye zamu ya kusema. Haikuwa na mkubwa. Mkaanga samaki alitoa takbiri akalalamikia kina mama kukosa mahali pa kutilia udhu, na mahali pakajengwa. Mama alitoa yake kutoka nyuma ya makuti akataka dufu la wanawake lipewe siku yake ya maulidi, na likapewa. Palikuwa na mzee mmoja aliyetoa takbiri ya nguvu, msikiti mzima ukamgeukia, akauliza nani amevaa kandambili zake.

Na jeneza likawa la wote. Mlango wake haukuwa na kufuli. Ulifungwa kwa kipande cha kamba ya katani ili kuku wasiingie. Bibi alipita pale kila alipokwenda sokoni, akachungulia, akaendelea na safari.

Halafu likatokea jambo ambalo mtu asiyetujua angeliona dogo. Siku ya kikao cha kuezeka upya, watu watatu walitoa takbiri kwa mpigo. Tukajibu zote tatu, kisha hatukujua tumsikilize nani, na wale watatu wakaanza kugombana. Kaka, ambaye sasa tulikuwa tumeanza kumwita ustadhi, alitabasamu. Akasema kwa upole kabisa kwamba nidhamu ni sehemu ya dini. Je, isingekuwa vizuri takbiri ikatolewa na mtu mmoja, mwenye sauti iliyo nzuri, na wengine wakimtaka awatolee, wamwombe?

Kila jicho lilikwenda kwa mjomba. Mjomba akainamisha kichwa kwa aibu ya furaha. Ustadhi akauliza nani anaunga mkono, na wa kwanza kunyoosha mkono, nyuma ya makuti, alikuwa mama. Alikuwa ameacha maharage jikoni. Alitaka kikao kiishe. Maharage yaliungua hata hivyo, tukala na harufu yake.

Jirani yetu wa ukuta wa pili alikuwa mwalimu wa kike kutoka Bukoba, Mkristo, aliyeletwa na serikali na kunasa hapa kwa kupenda pweza. Mama alimsimulia ugani jinsi tulivyopata utaratibu. Mwalimu alisikiliza, akachambua mchicha wake, akauliza, "Sasa dada, mtu akitaka kumsema huyo ustadhi, takbiri anamwomba nani?"

"Si anamwomba mdogo wangu!" Mama alicheka.

"Na mdogo wako anamwomba nani?"

Mama akamwambia walimu wana maneno mengi.

*

Jibu tulilipata kwa fundi baiskeli. Alikuwa mtu wa haki, mikono imejaa grisi hata siku ya Idi. Ijumaa moja alisimama mwenyewe baada ya swala. "Ustadhi, uliahidi tutachagua kamati mpya. Naona msimu wa korosho umepita na mwingine unakuja. Tunachagua lini?"

Nilikuwa kwenye tundu langu la makuti. Ustadhi hakukasirika. Alimtazama mjomba, basi, akamtazama tu.

"Takbiiir!"

"Allahu Akbar!"

Na kwa desturi yetu wenyewe, tuliyoitunga kwa furaha zetu, zamu ya kusema ilikuwa sasa kwa aliyetolewa takbiri. Ustadhi akaendelea kuzungumzia mwezi wa Ramadhani. Fundi alikuwa bado amesimama. Yeye mwenyewe alikuwa amejibu pamoja na wote, kwa maana utakataaje kusema Mungu ni mkubwa? Ukinyamaza, jirani anakutazama. Ukijibu, umenyamazishwa. Alikaa chini akapangusa mikono kwenye kanzu, ikabaki na doa la grisi.

Nilikuwa msichana mdogo lakini hasira niliyosikia siku hiyo ninayo mpaka leo, tena sioni sababu ya kuitua.

Baada ya hapo mambo yalikwenda haraka. Ustadhi akawa sheikh, sheikh akawa amiri, na kila jina jipya lilimsogeza mbali kidogo na mkeka wetu. Kaka alikula nasi. Ustadhi alipelekewa sahani chumbani. Sheikh alihamia nyumba ya mawe karibu na barabara, vijana wakaja kuchukua chakula. Amiri hakula kwetu kabisa, kwa sababu sufuria alikuwa ameishika bibi, na bibi alikuwa na makosa.

Vijana wake walivaa suruali zinazoishia juu ya kifundo cha mguu. Wengi nilisoma nao. Walizunguka saa ya swala wakigonga vibanda vifungwe, na wasiofunga walikuta vimepinduliwa. Dufu la wanawake walikuja kulichukua kwetu wakiwa wanne, kama wanakamata mwizi. Yule aliyelibeba alinyonyeshwa na mama yangu utotoni, mama yake alipougua. Imamu wa zamani aliambiwa akae safu ya mwisho. Fundi baiskeli hakukatazwa lolote, ila watu walikuta baiskeli zao hazihitaji tena matengenezo. Ukiuliza, jibu lilikuwa moja: anayeuliza anawatamani wale wa zamani. Unataka mkeka urudi? Nani angetaka mkeka urudi?

Hapo ndipo palipokuwa na ujanja, na ninaposema ujanja simaanishi uongo. Watu wa bara wakinisikia huuliza kama yule mtu alikuwa tapeli. Hapana. Akisoma dua alilia machozi ya kweli. Aliamini kwamba akilegeza kidogo, yote tuliyopata yatamwagika. Tapeli unamvizia, unamkamata. Mtu anayelia kwa ajili yako huku anakufungia mdomo, huyo utamkamata wapi? Ninaposikia redioni kwamba nchi fulani waliinuka kwa jina la dini wakamwondoa mtawala dhalimu, kisha waliowaongoza wakawa wakali kuliko yeye, wenzangu hushangaa. Mimi sishangai. Haikuharibika dini; dini ilikuwa ileile, Mungu yuleyule. Sisi tuliwapa watu wawili koo letu, mmoja aamue na mmoja apige kelele, tukaenda kuangalia maharage.

Siku moja bibi alirudi sokoni bila kikapu. Alikuwa amekisahau. Alikaa kizingitini palepale pake.

"Limerudi," akasema.

"Nini, bibi?"

"Kufuli. Kubwa kuliko la kwanza. La shaba."

Nilikwenda kuliona. Lilining'inia kwenye mlango wa chumba cha jeneza. Kijana wa suruali fupi akaniambia ni kwa usalama.

*

Makosa ya bibi yalikuwa unyago. Alikuwa nyakanga, yaani mkuu wa kuwafunda wari, wasichana waliovunja ungo, kazi aliyoirithi kwa mama yake. Likizo ya Desemba ikifika alifunga kitambaa kiunoni akapanda lori kwenda Nanyamba, kuwacheza wari wa koo zetu, na akarudi na kuku, sauti imekauka na miguu myekundu kwa vumbi. Aliswali swala zake zote huko huko. Hakuona mgongano wowote. "Mungu kaniumba, bibi yangu kanifunda," alisema. "Nnagombana nao wapi?"

Amiri aliuona mgongano. Ijumaa moja akatangaza kwamba anayecheza ngoma hizo msikiti haumjui, akiwa hai wala akiwa maiti.

Akiwa maiti. Nyuma ya makuti nilisikia mkono wa bibi ukinishika kifundo cha mkono. Na mbele, juu ya sentensi hiyohiyo, mjomba wangu, mwana wa tumbo lake, akatoa takbiri.

Jioni alikuja kula kwetu kama kawaida. Mama alimpakulia, akakaa mbele yake.

"Umejibiwa?"

"Dada, tafadhali."

"Nauliza tu. Takbiri yako ya leo, ulijibiwa vizuri?"

Bibi ndiye aliyemsogezea mboga. "Kula, mwanangu," alisema. "Sauti hiyo nilikupa mie. Sikukupa ukanizikie nayo nkekani." Mjomba aliacha tonge, akanawa, akaondoka. Lakini Ijumaa iliyofuata alikuwa tena juu ya ngazi, kando ya amiri. Wakati huo nilimwona mwoga. Sasa naona alikuwa mtu aliyewahi kuwa safu ya nyuma, aliyepewa ngazi. Si jambo dogo kuishuka.

Desemba bibi alifunga kitambaa kiunoni akapanda lori la Nanyamba.

Miaka ikapita hivyo. Nilimaliza shule, nikasomea ualimu, nikapangiwa Mpapura, nikazoea kula muhogo wa kila namna. Tulikuwa tumeshaingia elfu mbili na kitu. Usiku mmoja, mikorosho ikiwa inachanua, mtoto wa jirani yetu alikuja na baiskeli kuniita. Alfajiri nilimkuta bibi bado ana pumzi. Alikuwa mdogo kitandani, mdogo kuliko mimi. Alinitambua.

"Mke mwenzangu. Ufunguo upo kwa nani?"

Nilimwambia asihangaike. Akanitazama kwa ile dharau yake ya zamani, ya mtu aliyejibiwa upuuzi, kisha akafumba macho. Akafa kabla jua halijawa kali.

Wanawake walikuja, akaoshwa, akavishwa sanda. Mama alimfanyia kila kitu mwenyewe na hakulia. Kilichobaki kilikuwa jeneza.

Mjomba akaja nalo mdomoni tu. Alisimama mlangoni mwa chumba, hakuingia. Amiri amekubali, alisema. Jeneza litaletwa sasa hivi, na wabebaji, na yeye mwenyewe ataswalisha. Anataka sentensi moja. Baada ya adhuhuri, dada aje asimame uani mwa msikiti mbele ya waumini, aseme kuwa marehemu alitubu unyago kabla ya kufa.

"Alitubu lini?" mama akauliza.

"Dada, sema tu. Neno moja, tukamzike mama."

"Nakuuliza wewe mtoto wake. Alitubu lini? Juzi kaniimbia wimbo wa wari mpaka akachoka. Nimzulie maiti uongo, na yeye kalala hapo hawezi kunikanusha?"

Mjomba alianza kulia. Mtu mzima, mwenye kifua kile, akalia kwa sauti nyembamba nisiyoijua. Mwalimu wa Bukoba, aliyekuwa jikoni akipika uji wa waliofiwa, alitoka akifuta mikono. "Dada, mimi nina kitanda kizuri cha kamba. Na mume wangu na wenzake wa bandari watambeba. Asikae juani huyu mama."

Mama alimshika mabega. "Mungu akulipe. Lakini jeneza lile alilipigia vigelegele. Atakwenda nalo."

Akajitanda kanga mbili, akavaa kandambili, akatoka. Nilimfuata. Sikujua atasema nini, na ninaapa yeye mwenyewe sidhani alijua.

*

Wanaume walikuwa wamemaliza swala, wamejaa uani. Mwanamke haingii pale saa ile. Walitupisha kwa mshangao zaidi ya heshima. Amiri alikuwa juu ya ngazi, ndevu zimeanza mvi kidogo. Mjomba, aliyetutangulia mbio, alikuwa mahali pake kando yake, macho mekundu. Ufunguo wa shaba ulionekana kwenye mkanda wa amiri.

"Mama," akasema. Hakuwa amemwita hivyo kwa miaka. "Umekuja kusema?"

"Nimekuja, mwanangu."

Mama akawageukia watu. Nilimwona akivuta pumzi, mabega yakapanda, na nikajua, kabla ya wote, kwamba sauti ya mjomba haikuwa ya mjomba peke yake katika ukoo ule.

"Takbiiir!"

Wakajibu. Wangefanyaje? Tulikuwa tumefundishwa miaka na miaka, Ijumaa kwa Ijumaa, kwamba takbiri ikitoka hujibiwa papo hapo bila kufikiri. Fundi baiskeli alijibu. Imamu wa zamani safu ya mwisho alijibu. Vijana wa suruali fupi walijibu, midomo ikitangulia akili. Mjomba alijibu kwa sauti ya gatini. Na amiri, akiwa juu ya ngazi mbele ya jamaa yake yote, naye akafungua mdomo akasema Mungu ni mkubwa, maana asiposema, atakuwa nani?

Kisha wakanyamaza. Na ndani ya kimya kile nikaona desturi yetu ya zamani ikirudi usoni mwa watu, mmoja baada ya mwingine, kama jina la mtu uliyemsahau: aliyetoa takbiri ndiye mwenye zamu.

"Mama yangu ameoshwa," mama akasema. Hakupaza sauti tena. "Amevikwa sanda. Anangoja jeneza."

Basi. Hakutia la pili.

Amiri akamtazama mjomba, ule mtazamo wake. Mjomba akafungua mdomo na uani wote tulijua kinachokuja. Hakikuja. Alishuka ngazi moja, kisha ya pili, akageuka akawa anamtazama amiri kutoka chini, akanyoosha kiganja.

"Ufunguo," akasema, kwa sauti ya mtu anayeomba chumvi mezani.

Wanaume wa nyuma walianza kusogea kuelekea chumba cha jeneza. Si kwa vurugu. Walikwenda wakasimama mlangoni, kwanza wachache, kisha wengi, wakawa wanangoja. Amiri aliwatazama pale mlangoni. Halafu akaufungua mkanda.

Tulimzika bibi alasiri ile. Alipita mbele ya kizingiti chake akiwa amefunikwa vizuri, hakuna kilichotokeza. Swala iliswalishwa na mjomba, maana ni haki ya mtoto, na wanaume walisema baadaye kwamba kwenye takbiri ya tatu sauti ilimkatika, wakangoja mpaka akaipata.

Amiri hakukimbia wala hakuondolewa. Aliendelea miezi mingi, ila kila alipomtazama mtu atoe takbiri, mtu alikuwa anafunga kamba za viatu. Mwishowe alihamia mji mwingine, na nasikia anafundisha watoto na hawachapi. Kufuli la shaba sijui liliishia wapi.

Alipoondoka, wazee walikuja kwetu kumwona mama. Walikaa ukumbini kwa adabu, mjomba kati yao. Walisema wamejifunza, kwamba safari hii watakuwa waangalifu. Wamempata kijana mpole wa Mikindani, sauti nzuri, mcha Mungu, hana makuu. Wanataka baraka zake mama kabla ya kumpa kazi. Je, awe yeye mtoa takbiri?

Mama alikuwa na maharage jikoni. Alikwenda, akakoroga, akaonja chumvi, akarudi na mwiko mkononi.

"Atoe yeyote," akasema, "mwenye pumzi."